Ng'ombe wangu alipogeuka "ngómbe"

Juzi msomaji wa Tanga aliniandikia: "Kaka, kila nikiandika ng'ombe, kompyuta inaniletea ngómbe. Ni virusi?" Nilikuwa steshenari kwangu hapa Bagamoyo. Nikakumbuka siku niliyoaibika.

Nilipewa kijitabu cha wageni, Kiswahili na Kifaransa, kuhusu misheni waliyoianzisha mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa mwaka 1868. Kifaransa kinadai alama juu ya herufi, basi nikawasha kibodi ya US-International, mpangilio wa vitufe ulio ndani ya Windows wa kuandikia alama hizo. Humo ukibonyeza ritifaa, yaani alama ya ', hakitokei kitu. Kompyuta inangoja herufi inayofuata. Ukifuatisha e, unapata é. Nilifurahi sana! Nikarudi kwenye kurasa za Kiswahili na kibodi ileile, nikachapa usiku kucha, macho kwenye karatasi. Ng'ambo ikawa ngámbo, kung'aa kukawa kungáa. Nikatoa nakala 100. Mwenye kazi alisoma mstari mmoja mbele ya wateja wangu, akaniuliza kama Kiswahili nimejifunza ukubwani. Mimi, mtoto wa Bagamoyo! Neno lile linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Tanga, si virusi. Bonyeza ritifaa, kisha kitufe cha nafasi, ndipo uandike o. Au rudi kwenye kibodi yako ya kawaida: shikilia kitufe cha Windows, bonyeza nafasi.

Kwenye kibodi hiyo é hupatikana pia kwa AltGr (Alt ya kulia) pamoja na e. Kama é hiyo inakataa kwenye programu moja tu, ijaribu kwenye Notepad, programu ndogo ya kuandikia ya Windows. Ikitokea huko, kibodi ni nzima. Kagua njia za mkato za programu yako, kwa sababu Windows huihesabu AltGr kuwa ni Ctrl na Alt kwa pamoja, na huenda programu imeshauchukua mchanganyiko huo kwa amri yake.

Ukiona Ã© mahali pa é, kibodi haihusiki kabisa. Faili limeandikwa kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi ambamo é huchukua baiti 2, nawe umelifungua kwa Windows-1252, mfumo mwingine unaosoma kila baiti kama herufi yake. Usihifadhi, usifute. Lifungue upya kwa UTF-8.

Vijana mnaotaka kula kwa kuchapa, heshimuni ritifaa! Kabla ya kila kazi andika ng'ombe mmoja, umtazame. Ukimaliza, tafuta á na ó kwenye kurasa zote za Kiswahili kabla hujagusa printa.

Kijitabu nilikichapa upya kwa fedha yangu. Nakala moja mbovu iko kwenye droo, na kila anayekuja kujifunza kwangu namkabidhi hiyo kwanza, na kalamu nyekundu.