Kuchagua gari la makorongo na foleni: niliyojifunza kati ya Goba, Kariakoo na Mtae

Nyumba yangu iko Goba, Dar es Salaam, upande wa mabondeni, kilomita mbili hivi kutoka kwenye lami. Kila asubuhi ya kazi nashuka mteremko uliochimbwa na maji ya mvua hadi ukawa na korongo katikati, navuka kalavati lililoliwa upande mmoja, napanda kilima chenye mawe, na muda mfupi baadaye naingia kwenye foleni ya kuelekea Makongo na Mwenge, ambako gari husogea hatua chache kisha likasimama tena. Naanza na maelezo haya kwa sababu ushauri mwingi ninaousikia kuhusu magari huigawa nchi vipande viwili, gari la mjini na gari la kijijini, kana kwamba barabara mbovu zinaanzia Chalinze. Kwa familia nyingi zilizojenga Goba, Madale, Kinyerezi na Mbezi ya ndani, korongo na foleni ni safari moja ya asubuhi moja, na gari linaloweza kimoja tu kati ya hivyo litamfilisi mwenye nalo, ama gereji ama kituo cha mafuta.

Zaidi ya hapo, mama yangu anaishi Mtae, ukingoni mwa milima ya Usambara, na kila baada ya miezi miwili mitatu lazima nimfikie. Kutoka Mombo lami hupanda kwa kona kali kupitia Soni hadi Lushoto, mwendo wa kilomita zipatazo 33, na lami ikiisha huko mbele njia ya Lukozi inakuwa ya udongo mwekundu na nyembamba, ikipitwa na malori ya Fuso yanayoshusha kabichi na viazi kwenda Dar es Salaam. Malori hayo ndiyo yanayochonga mifereji miwili mirefu ya tairi, na mgongo unaobaki katikati ya mifereji hiyo ndio adui mkubwa wa gari dogo.

Nililijua hilo kwa gharama. Gari langu la kwanza lilikuwa dogo, la kimo cha chini, na siku nilipompeleka mama mahitaji ya sikukuu nililijaza abiria wanne na magunia mawili bila kufikiri kwamba uzito ule ungelishusha. Gari ambalo likiwa tupu lina nafasi ya kama sentimita 15 kati ya tumbo lake na ardhi, likijazwa hupoteza sehemu kubwa ya nafasi hiyo, na safari ikiwa ya mashimo springi hukandamizwa hadi mwisho kila tairi linapoingia shimoni. Kabla ya kufika Lukozi nilisikia mgongano mmoja mkavu chini ya miguu yangu, na baada ya mita chache taa nyekundu ya oili ikawaka. Nilizima injini papo hapo, na hiyo ndiyo sababu pekee iliyoiokoa. Fundi aliyeletwa kwa pikipiki alilala chini ya gari, akatoka na mkono mweusi, akasema, "Kaka, usiwashe hata kwa sekunde moja. Sampu imepasuka." Sampu ni bakuli la oili lililo chini ya injini. Tangu siku hiyo siulizi kwanza kama gari lina uwezo wa kuvuta kwa magurudumu manne, nachuchumaa pembeni na kutazama kitu kinachoning'inia chini kuliko vyote, kiwe sampu, bomba la moshi au difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), halafu najiuliza kitakutana na nini gari likiwa limejaa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu wanunuzi wengi huvutwa na maandishi ya 4WD yaliyo nyuma ya gari. Magurudumu manne yanayovuta hukusaidia kwenye utelezi, kwenye mchanga na kwenye mlima wa kokoto, lakini hayakuinui hata sentimita moja juu ya jiwe. Kimo, ufupi wa bampa ya mbele na unene wa tairi hukusaidia kila siku. Bampa iliyochomoza sana mbele hung'oka mtaroni hata kama tumbo la gari liko juu, na kuhusu tairi nashauri usome namba zake kabla ya kusifu rimu. Tairi lililoandikwa 185/65R15 lina ukuta ambao kimo chake ni asilimia 65 ya upana wa tairi; likiandikwa 45 badala ya 65, ukuta ni mfupi, na jiwe lenye ncha au ukingo wa shimo utalikata au kuipinda rimu. Rimu kubwa zinazong'aa ni kwa ajili ya lami laini, nasi wa Goba hatuna lami laini.

Mafundi wengi watakushauri uliinue gari dogo kwa kuweka spesa, vipande vya kuongeza kimo, kwenye springi na shokapu. Nimefanya hivyo na sijuti, lakini kwa kiasi cha sentimita mbili au tatu tu pamoja na bamba la chuma la kuikinga sampu. Ukizidisha hapo, boljointi (viungio vya magurudumu ya mbele) na shafti za magurudumu zinafanya kazi kwa pembe isiyo yake, zinachakaa mapema, na gari linayumba zaidi kwenye kona, jambo ambalo usingependa kuligundua kwa mara ya kwanza kwenye kona za Soni.

Baada ya ajali ile ya sampu nilifanya kosa la upande wa pili. Nilinunua Prado ya petroli ya cc 2,700 kwa hofu ya barabara ya Mtae, yaani nilichagua gari la kila siku kwa kuangalia siku sita au saba za mwaka. Huko milimani lilikuwa jema kweli. Lina chesisi imara, kimo cha zaidi ya sentimita 20, na mama alipanda bila kushika mgongo wake kwa maumivu. Lakini siku nyingine zote nilikuwa naliendesha jijini. Gari lenye upana wa zaidi ya mita 1.8 ukiliingiza katika mitaa ya Kariakoo, penye mikokoteni, wabeba mizigo na magari yaliyoegeshwa pande zote mbili, unageuka kuwa wewe ndiwe foleni. Kwa hesabu niliyoiandika mwenyewe kwa miezi mitatu, katika foleni za asubuhi lita moja ilinipeleka kilomita sita, wakati gari dogo la awali lilikuwa likinipeleka kilomita kumi na moja katika njia ileile. Spea nazo zina bei kubwa, na wakati wa kuliingiza nchini injini inayozidi cc 2,000 hutozwa ushuru wa juu zaidi. Sisemi mashangingi hayana kazi. Anayeishi Liwale au Mahenge na kusafiri kila wiki ana sababu ya kuwa na gari la namna hiyo, ila mtu wa ofisi ya Posta anayekwenda kijijini mara nne kwa mwaka analipia kimo asichokitumia.

Sasa natumia Suzuki Escudo ya kizazi kilichotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi 2005, na kwa mahitaji yangu sijaona mizani bora zaidi. Ni fupi, upana wake haufiki mita 1.8, inageuka katika nafasi ndogo, iko juu, na ina gia ya 4L ambayo huongeza nguvu ya magurudumu kwa mwendo wa polepole, kitu ambacho RAV4 za miaka hiyo hazina ingawa nazo ni magari mema sana ya kwenda Goba. Jambo moja uliweke kichwani: katika magari ya aina hii, ambayo magurudumu ya mbele huunganishwa pale tu unapotaka, usitumie 4H (magurudumu manne kwa mwendo wa kawaida) wala 4L kwenye lami kavu. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa kwenye kona, na kwa kuwa lami haiyaruhusu kuteleza, mzigo wote huhamia kwenye gia na difu.

Ambaye biashara yake ni kubeba mizigo namshauri tofauti. Probox haina sura ya kuvutia, lakini ilitengenezwa kwa kazi, nyuma inahimili uzito, na injini zake za cc 1,300 na 1,500 ni za familia moja na zile za IST, kwa hiyo spea zake zinapatikana hadi katika miji midogo. Si bure kwamba michomoko mingi ya vijijini, yaani magari madogo yanayobeba abiria, ni gari hilo.

Kuhusu bodaboda na bajaji, najua kwamba hakuna kinachozishinda katika foleni. Pikipiki vilevile huchagua mstari wake kati ya mashimo, mahali ambapo gari haliwezi kuchagua. Lakini hailindi mwili wa mtu, na kwenye udongo mwekundu uliolowa tairi mbili hazina msamaha; simpandishi mama yangu wala mtoto wangu katika hali hiyo, na mimi mwenyewe sipandi bila kofia ngumu. Bajaji nayo ina tatizo ambalo wengi hawalifikirii: gurudumu lake la mbele liko katikati, kwa hiyo katika njia yenye mifereji miwili ya tairi, ya nyuma huingia mifereji na la mbele hupanda juu ya mgongo, na usukani unakosa utulivu. Kwa foleni ya lami ni chombo kizuri. Kwa njia ya malori sicho.

Foleni ina majaribu yake ya kiufundi ambayo watu huyachukulia kirahisi. Gari linalosimama muda mrefu halipati upepo wa mwendo, hivyo rejeta hutegemea feni peke yake, na feni ikiwa dhaifu gari litachemsha Mwenge hata kama lilipanda mlima wa Lushoto bila shida. Kagua feni na maji kabla ya kukagua redio. Kwa foleni nachagua otomatiki, kwa sababu mguu wa klachi huchoka na sahani ya klachi huisha upesi. Lakini ukiteremka kutoka Lushoto hadi Mombo usiiache kwenye D huku ukikanyaga breki njia nzima. Weka 2 au L, uiache injini ilizuie gari, maana breki zikipata moto kupita kiasi hupoteza nguvu, na harufu ile ya kuungua ukishaisikia tafuta mahali salama usimame mpaka zipoe.

Maji ya mvua ni hatari ya pamoja kwa mji na shamba. Mto Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na kila masika naona madereva wakijaribu kuvuka madimbwi kwa kufuata gari refu lililo mbele yao. Kinachoamua ni mahali injini inapovutia hewa. Katika magari mengi madogo mdomo wa bomba hilo uko mbele na chini, na injini ikinywa maji, kuiwasha tena kunaweza kupinda vyuma vyake vya ndani. Magari ya mkonga yamepewa jina hilo kwa lile bomba linalopanda pembeni mwa kioo hadi usawa wa paa, na kazi yake ni hiyo hasa.

Hata hivyo, kuna siku gari lako si jibu. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, nilianza kuliacha gari nyumbani siku ambazo sina mizigo, na bado nafanya hivyo. Mwezi wa Aprili mama alinipigia simu akasema, "Mwanangu, huku njia imekuwa sabuni, usije na gari." Nililiegesha kwa mjomba pale Lushoto nikapanda basi. Kwenye mlima mmoja mrefu abiria wote tuliombwa tushuke. Utingo alichukua kigogo chake, akawa anatembea nyuma ya tairi la nyuma hatua kwa hatua, tayari kukiweka basi likirudi nyuma, hadi dereva alipofika juu. Nilifika kwa mama magharibi, nikiwa na tope hadi magotini, akanipa maji ya moto ninawe miguu.