Vifaranga wa bata kufia ndani ya ganda

Pole sana, ndugu wa Ruai uliyeuliza kwa nini vifaranga wako wa bata wanatoboa ganda kisha wanafia humo. Kifaranga akitoboa ganda siku ya 27 kisha akafa hapo hapo, mara nyingi utando wa ndani umemkaukia ukamgandia mdomoni na mabawani. Kila ukifunua mashine ya kuangulia kumchungulia, unyevu unatoroka. Acha kufunua vifaranga wakianza kutoboa.

Joto liwe nyuzi 37.5 za Selsiasi ikiwa mashine ina feni. Unyevu 55% hadi siku ya 25, kisha acha kugeuza mayai na upandishe hadi 75%. Sifongo lililoloweshwa maji ya uvuguvugu husaidia sana. Mayai ya bata bukini yageuze hadi siku ya 27, kwa kuwa huchukua takriban siku 30. Yalaze ubavu na uyageuze kwa mkono nusu mzunguko, maana vigeuzio vya mayai ya kuku haviyatoshi.

Kuanzia siku ya 7, mayai hayo ya bata bukini yapoze dakika 10 kila siku, kisha uyanyunyizie maji ya vuguvugu. Nairobi iko juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo matundu ya mashine usiyazibe.

Stima ikipotea, funika mashine kwa blanketi, ukiacha matundu wazi.

Kifaranga aliyetoboa mpe saa 24 kabla ya kumsaidia. Ukiona damu kwenye utando, mwache.