Kiberiti kwanza, duka baadaye

Mdogo wangu unayetaka kuuza vitambaa vya kina mama, kabla ya daftari la hesabu nunua kiberiti. Kariakoo utaambiwa "hii pamba tupu, dada" na mtu ambaye naye kaambiwa hivyohivyo alikonunua. Chomoa nyuzi mbili tatu ukingoni, ziwashe. Pamba inaungua kama karatasi, harufu ileile, na majivu yanapukutika ukiyagusa. Poliesta inajikunyata, inayeyuka, inaacha kidonge kigumu. Siikatai poliesta, krepe na shifoni nyingi ndiyo hiyohiyo, na zinatoka sana kwa kuwa hazijikunji wala hazirudi zikifuliwa. Ila ukimuuzia mama gauni la kushindia Dar mwezi wa Februari ukamwapia ni pamba, gauni halitarudi, na yeye pia hatarudi.

Kitenge kigeuze. Cha waksi chenyewe rangi imekolea pande zote mbili. Kikipauka nyuma, kimechapwa upande mmoja: kiuze, ila kwa bei yake. Sugua kona kwa leso nyeupe iliyolowa uone kama kinachuja. Kisha pima. Yadi 6 ni kama mita 5 na nusu, lakini nimeshafungua "sita" nikakuta tano na kitu. Na michoro ya ndege waliosimama inakula kitambaa, maana fundi hawezi kugeuza kipande bila ndege kuning'inia kichwa chini. Mwambie mteja aongeze yadi palepale dukani.

Kilichonitoa jasho mimi ni sare. Kichenpati, satini ya zambarau, akina mama 22. Jora la kwanza likaisha, nikafuata la pili kwa muuzaji yuleyule, namba ileile. Chini ya taa ya dukani yalikuwa mapacha. Siku yenyewe, jua la saa kumi likiwa linawapiga getini, nusu wamevaa zambarau na nusu damu ya mzee. Bibi harusi alinitazama tu, hakusema kitu. Nilirudisha hela ya watu tisa.

Siku hizi majora nayatoa nje, nayalaza sambamba juani. Oda ya sare naijumlisha yadi zote kwanza, naongeza za akiba, nanunua kwa mkupuo mmoja. Wanaochelewa kulipa wanakuta zimeisha, wananuna, na wiki inayofuata wananitumia picha ya kitambaa kingine.