Bao la trei za mayai na mtumbwi wa ndala: likizo ya watoto nyumbani kwetu Kirumba

Shule zikifungwa Desemba, mvua za vuli hapa Mwanza huwa bado zipo. Asubuhi jua kali, mchana wingu linapanda kutoka ziwani, na kabla hujaanua nguo mvua imeshalishika bati. Watoto wangu watatu wanabaki ndani. Umeme ukikatika na simu ikaisha chaji, hapo ndipo mzazi unapojua kama umejiandaa.

Mimi nilianza vibaya. Mwaka wa kwanza nilinunua karatasi za rangi, gundi ya chupa na vipambo vya kung'aa, fedha ya mboga ya siku tatu. Tukatengeneza maua, tukayabandika ukutani. Siku ya tatu hakuna aliyeyatazama. Tangu hapo, kabla ya kushika mkasi nawauliza wanangu swali moja: tukimaliza, hiki tutakifanyia nini? Kama jibu ni kukiangalia tu, tunaacha. Mtoto hutunza kile anachokichezea.

Kitu kilichodumu kuliko vyote kwetu ni bao. Kaka anayeuza chipsi njia panda hutupa trei tupu za mayai kila jioni, na ukimwomba anakupa bure. Chukua mbili zilizo safi. Yenye kinyesi cha kuku au ute wa yai uliokaukia, iache. Zianike juani kwanza. Trei moja ina vishimo 30, yaani mistari 5 yenye vishimo 6 kila mmoja. Bao la Kiswahili linataka vishimo 32: mistari 4, kila mstari vishimo 8. Kwa hiyo kwenye trei ya kwanza ondoa mstari mmoja, ubaki na mistari 4 ya vishimo 6. Kwenye trei ya pili kata kipande cha mistari 4 ya vishimo 2. Viweke pamoja juu ya kipande cha boksi gumu, nalo bao limetimia. Mwanangu wa darasa la nne alikaa na hesabu hiyo karibu nusu saa, akipanga na kupangua. Ulimi uliniwasha kumwambia jibu. Nashukuru nilinyamaza, maana alipolipata alipiga kelele hadi jirani akachungulia.

Gundi usinunue. Vijiko 3 vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha maji baridi, koroga mpaka madonge yaishe, kisha weka kwenye moto mdogo huku unakoroga bila kuacha mpaka iwe nzito na ing'ae. Ongeza chumvi kidogo. Mara ya kwanza sikuipika, nilichanganya tu unga na maji. Kesho yake boksi lilikuwa limebanduka na mende wameshakula pembeni. Pika kidogo kidogo, maana ikikaa siku nyingi inachacha.

Shida nyingine ni kugandamiza. Ukiweka kitu kizito juu ya trei, vishimo vinabonyea. Sisi tuliokota kokoto, na Mwanza mawe hayajawahi kumwisha mtu, tukaziosha na kuweka moja ndani ya kila kishimo. Zikalikandamiza bao lote sawasawa. Kwa unyevu wa Desemba liache siku mbili nzima.

Kete ni mbegu za ubuyu. Watoto wanamumunya, wanaosha mbegu, wanaanika, wanahesabu mpaka zifike 64. Kwa wanaojifunza, weka kete 2 kila kishimo. Mdogo wetu, miaka mitano, alijifunzia hapo kuhesabu bila mtu kumkalisha na daftari. Babu jirani, mwenyeji wa Ukerewe, alisikia mlio wa mbegu akaingia. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo Babu," na kabla ya chai kuiva alikuwa ameshakaa mkekani anawafundisha namua, hatua ya kwanza ya bao ambapo mchezaji huingiza kete moja moja kutoka mkononi, kila mmoja akianza na kete 22 mkononi.

Wa pili alitaka mtumbwi. Ndala iliyokatika kanda inaelea vizuri sana. Toa kanda, chora umbo, kisha mkubwa ndiye akate kwa kisu kikali. Hapo usimwachie mtoto. Tundu la mbele la kanda ndilo la mlingoti: chomeka njiti ya mshikaki, funga tanga la kipande cha kitenge. Mafundi cherehani wana vipande hivyo tele sakafuni. Wa kwetu akasema wavuvi wa dagaa huvua na taa, kama tunavyoziona usiku wa giza zimejipanga ziwani, akafunga kizibo cha soda mbele kiwe taa. Mtumbwi ukapinduka. Akafupisha mlingoti, ukapinduka tena. Mwishowe akafunga msumari chini, katikati, ukasimama.

Mitumbwi hiyo tunaiendesha kwenye beseni la kufulia. Naomba sana usiwapeleke ufukweni kujaribu mitumbwi yao. Kwenye maji mafupi yenye majani ndiko wanakokaa konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na kuna sehemu zenye mamba.

Mengine ni mepesi. Chupa tupu ya maji yenye punje za mahindi ndani ni kayamba. Mpira wa chandimu tunaujaza vitambaa ndani ya soksi kuukuu, kwa sababu mifuko ya plastiki tuliyokuwa tunatumia utotoni ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Unadunda kidogo tu, lakini kwa uwanja wetu wa mlimani ni afadhali, hauteremki mbali.

Boksi la chini ya bao limeanza kulegea upande mmoja. Mdogo wetu ameshakwenda kwa kaka wa chipsi kuagiza trei nyingine mbili.