Kabla hujahamia kampuni nyingine ya laptopu

Pole sana, ndugu yangu wa Mbale. Unasema laptopu yako iko kwa kampuni yake kwa matengenezo wiki sita sasa, simu hawapokei, na unataka kuhamia kampuni nyingine? Hama tu. Mimi bawaba ilivunjika, nikazungushwa "njoo kesho" mpaka dhamana ikaisha.

Ila usikimbilie jina. Ukishuka Kampala, kabla ya bei uliza vipuri vinapatikana wapi. Nilichukua laptopu ya mtumba aina ya ThinkPad. Kibodi ilipogoma, fundi wa mtaani alifungua skrubu chache, akabadilisha nikiwa nakunywa chai. Angalia na prosesa (ubongo wa kompyuta): Intel ya kabla ya kizazi cha 8 kwa kawaida haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na usaidizi wa kawaida wa Windows 10 uliisha Oktoba 2025.

Ile ya zamani ikirudi (ikirudi!), nakili mafaili, futa diski, ndipo uuze.