Maswali ya Wasomaji: Matumba ya Okidi Yanayoharibika Kabla ya Kuchanua

Napiga dawa okidi zangu za dendrobiamu kila Jumamosi, lakini matumba bado yanachanua yakiwa yamepinda, na petali zina michirizi ya rangi ya fedha. Nakosea wapi?
*Msomaji, Tanga*

Hao ni vithiripi. Kuhakikisha, weka karatasi nyeupe chini ya shada la maua, kisha uligonge kwa kidole mara tatu nne. Ukiona vijidudu vyembamba kama vipande vya uzi, urefu wa milimita 1 hivi, vya njano au kahawia, vikianza kutembea, umewapata. Ule mchirizi wa fedha ni ngozi ya petali iliyofyonzwa utomvu ikabaki na hewa tupu, na vitone vyeusi pembeni yake ni kinyesi chao.

Huenda dawa yako ni nzuri tu, ila haiwafikii wote. Jike hupachika mayai ndani ya petali yenyewe, ambako dawa ya kugusa haifiki. Watoto wakishashiba, wengi hujiachia wakaangukia kwenye mkaa na makumbi ya chungu, wakajigeuza humo, kisha hupanda tena wakiwa na mabawa. Kwa joto la Tanga, mzunguko mzima huchukua wiki mbili hivi. Ukipiga Jumamosi, tena juu tu, unaua waliopo siku hiyo. Walio chunguni wanakusubiri uondoke.

Anza kwa kukata matumba yaliyokwishapinda. Yafunge ndani ya mfuko wa plastiki, uuache juani siku nzima. Usiyatupe kwenye lundo la mboji. Halafu changanya kijiko kimoja cha chai (mililita 5) cha sabuni ya maji, isiyo na jiki, katika lita 1 ya maji ya mvua. Tunasisitiza ya mvua kwa sababu maji mengi ya visima vya pwani ni magumu: sabuni inagandamana badala ya kutoa povu, na sabuni iliyoganda haiui kitu. Jaribu kwenye jani moja, usubiri siku mbili. Jani likibaki salama, nyunyiza asubuhi na mapema mpaka mmea udondoshe matone, upande wa chini wa majani pia, na ulowanishe uso wa chungu. Rudia kila baada ya siku 4 au 5, mara nne. Usiruke awamu hata ukiona wameisha, maana sabuni huua ikiwa bado imelowa tu, na wanaoanguliwa kesho yake haiwahusu.

Mafuta ya mwarobaini yaache kwa majani na chungu. Kwenye matumba huacha madoa, na jua likipiga huunguza. Ukilazimika kununua dawa, yenye spinosadi huwaweza vithiripi. Hiyo inyunyize jioni nyuki wakishatulia, kwa kipimo cha kwenye kibandiko, na usiitumie peke yake mwaka mzima kwa sababu vithiripi huzoea dawa upesi mno.

Nina banda la dendrobiamu huku Florida. Matumba yanageuka njano, ncha inalowa kama imeoza, kisha yanadondoka. Nimepasua moja nikakuta funza weupe wanaruka!
*Msomaji, Marekani*

Kuruka huko ndiko kunakomtambulisha. Huyo ni usubi wa maua, *Contarinia maculipennis*, anayejulikana sana Florida na Hawaii. Mama hutaga kwenye ncha ya tumba, mayai huanguliwa kwa siku moja hivi, na funza huingia ndani, pengine hata 30 kwenye tumba moja. Baada ya siku 5 hadi 7 hutoka, wakaruka hadi ardhini na kujigeuza huko kwa wiki mbili au tatu. Akishapata mabawa, maisha yake ni siku chache tu.

Kunyunyizia tumba lililoziba ni kupoteza dawa. Kagua kila siku ya pili, uchume kila tumba lenye njano kabla funza hawajatoka, na uwafungie kwenye mfuko. Kama uko tayari kukosa maua, kata mashada yote, hata mazima, kwa wiki 4 hadi 5, ili wanaoibuka wasipate pa kutaga. Lakini hilo halitasaidia kama karibu na banda pana yasmini, haibiskasi, biringanya, nyanya au karela, kwani huzaliana humo pia. Ng'oa au sogeza hivyo kwanza.

Miche yangu ya okidi niliyoitoa kwenye chupa za maabara inalegea, mizizi imekatika ncha. Kuna vijinzi vyeusi vinaruka juu ya trei.
*Msomaji, Arusha*

Vijinzi havina neno, shida ni mabuu yao: angavu kama kioo, kichwa cheusi, urefu wa milimita 5 hivi. Laza kipande cha kiazi ulaya kibichi juu ya mosi (sphagnum moss ya kupandia miche), ukigeuze baada ya siku mbili. Watakuwa wamejazana chini yake. (Vidudu vyeupe vinavyochupa ukigusa maji ni wengine, wala havina madhara. Waachie.)

Mara nyingi chanzo ni ile jeli ya chupani iliyobaki kwenye mizizi. Ikioza huota ukungu, na ukungu ndio chakula cha mabuu. Wakishaumaliza, wanahamia mizizi laini. Osha kila mche kwa maji vuguvugu mpaka mizizi isiteleze vidoleni, na uweke mosi mpya uliokamuliwa vizuri. Fungua kifuniko cha trei saa chache kila siku, uso wa mosi ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena. Tega kadi za gundi za njano kunasa wanaoruka. Kwa mabuu, mwagilia dawa ya bakteria ya Bti mara moja kwa wiki, wiki tatu. Ni bakteria wale wale ambao kiwanda cha Kibaha huwatumia kutengeneza dawa ya viluwiluwi vya mbu. Hawaui mabuu waliokwishaacha kula, ndiyo maana unarudia.

Je, spiriti inafaa kwa vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba?
*Msomaji, Mombasa*

Inafaa kwa mmea mkubwa: spiriti ya asilimia 70 kwenye kijiti chenye pamba, gusa kila kidudu, hasa kwenye vifundo vya shina la maua na nyuma ya matumba, kila wiki kwa wiki nne. Kwa miche usithubutu, inaikausha. Na tazama waya wa kuning'inizia chungu. Ukiona msafara wa sisimizi, paka grisi kwenye waya, kwa sababu hao ndio wanaovibeba vidung'ata na kuvilinda kwa ajili ya majimaji matamu vinayoyatoa.

Okidi yangu ya sebuleni inapukutisha matumba, na sioni mdudu wowote hata kwa lenzi.
*Msomaji, Nairobi*

Bakuli la ndizi mbivu liko umbali gani? Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, nayo huangusha matumba. Sogeza bakuli, dawa weka kando.