Jibu: Kibao cha kumbukumbu Rabai, maneno na ujenzi

Ndugu, umeuliza kama maneno "Rabai ilianzishwa na Krapf mwaka 1846" yanafaa kuchongwa kwenye kibao cha Rabai, pwani ya Kenya, na nguzo ya kukishikilia ijengwe vipi isipasuke.

Msichonge hivyo. Krapf na Rebmann, wamisionari Wajerumani, walianzisha misheni mwaka huo; Warabai walikuwapo tayari na kaya zao, yaani misitu mitakatifu yenye makazi ya kale, zile ambazo UNESCO iliziingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Andikeni "Misheni ya Rabai, 1846", na juu yake, kwa herufi za ukubwa uleule, jina la kaya na la wenyewe. Mtoto wa Kirabai akisoma kwamba kwao kulianzishwa na mgeni, kibao kimemdanganya. Wazee wa kaya wasomewe rasimu kabla fundi hajashika patasi, maana jiwe halifutiki.

Chukueni granaiti nyeusi ya unene wa sentimita 3, herufi zichongwe ndani ndipo zipakwe rangi. Rangi ikibanduka, mchongo unabaki. Shaba inapendeza lakini huibwa ikauzwe chakavu. Zege iwe 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), na mchanga wa baharini mkatae hata mkipewa bure: chumvi yake hutia nondo kutu, nondo huvimba, nguzo hupasuka kutoka ndani. Zege ifunike nondo sentimita 5 kila upande, kisha mwagilieni maji siku 7. Skrubu ziwe za chuma cha pua.

Kama eneo limetangazwa kwenye Gazeti la Serikali kuwa la urithi, kaoneni Makumbusho ya Taifa kabla ya kuchimba msingi.